Kabureta Ndiyo ya Mwisho: Mwongozo Kamili wa Kutibu Sailensa na Taiming ya Injini ya Kabureta

Gari likizimika katikati ya Barabara ya Digo, utalisukuma kando na kupigiwa honi mbili tatu, basi. Likizimika kwenye mteremko wa kuingia feri pale Likoni, nyuma yako kuna malori, mbele yako kuna umati unaoshuka, na huna kando pa kusukumia. Magari mengi ya kabureta (kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa) niliyoletewa yaliletwa na siku kama hiyo. Mwenyewe anafika bado ana jasho la aibu na ombi lake ni moja: "Fundi, nisafishie kabureta."

Ombi hilo huwa silikubali mara moja. Kabureta husafishwa bila faida Mombasa hii kila siku, na gari hurudi lilivyokuwa baada ya wiki. Katika kazi hii kuna utaratibu wa kufuata: hewa kwanza, halafu vali, halafu moto (umeme wa cheche), halafu taiming, na kabureta mwisho kabisa. Ukiuvuruga utaratibu huo unajidanganya mwenyewe, na nitaeleza kwa nini.

Sailensa ni ule mngurumo wa chini, gari limesimama na mguu hauko kwenye mafuta. Wengine huuita slo. Taiming ni wakati plagi inapotoa cheche, ukilinganisha na mahali pistoni ilipo. Vitu viwili hivi hufichana. Pointi (swichi ndogo inayokata umeme ili cheche iruke) zikilika, cheche huchelewa. Cheche ikichelewa, sailensa hushuka. Mtu mwenye haraka hukaza skrubu ya mwendo ili injini isizime. Skrubu hiyo hufungua kipepeo cha kabureta kupita kiasi, na vitundu vilivyokusudiwa kutoa petroli gari likiwa linaondoka huanza kuitoa gari likiwa limesimama. Petroli hiyo skrubu ya mchanganyiko, ile inayopima petroli ya sailensa, haiidhibiti. Gari sasa lanuka petroli, na ukizima ufunguo injini inaendelea kujikokota. Fundi wa pili akija anaona kabureta inakula mafuta, naye anaifungua. Ugonjwa ulianzia kwenye pointi, lakini dawa anapewa mwingine.

Uliza kabla ya kufungua

Jambo la kwanza ni maswali. Shida huja injini ikiwa baridi, ikiwa moto, au wakati wote? Ilianza ghafla au ilikuja pole pole? Nini kiliguswa mara ya mwisho? Gari lilikuwa wapi mwezi uliopita? Swali hili la mwisho watu hushangaa nikiwauliza, lakini kwetu pwani lina uzito wake, na nitalirudia.

Shida iliyokuja ghafla mara nyingi ni uchafu kwenye jeti (kitundu kinachopima petroli ndani ya kabureta), mpira uliochomoka au kondensa (kidude cha umeme kinacholinda pointi) iliyokufa. Iliyokuja taratibu ni kulika kwa kitu: pointi, vali, shafti. Iliyokuja siku ileile gari lilipotoka gereji ni kazi ya gereji hiyo, kwa hiyo anzia pale palipoguswa.

Vifaa si vingi. Spana za 10 na 12, bisibisi bapa mbili za ukubwa tofauti, fila geji (vibamba vya kupimia nafasi nyembamba), multimita, chaki nyeupe, taa ya taiming, na balbu ndogo ya volti 12 uliyoiunganisha na nyaya mbili. Ukipata geji ya kupimia mvuto wa hewa kwenye manifoldi (bomba linalopeleka mchanganyiko kwenye silinda), umepata jicho la ndani ya injini. Huku kwetu usawa wa bahari, injini nzima ikiwa kwenye sailensa husoma kati ya inchi 17 na 21 za zebaki, na sindano hutulia. Sindano ikitulia lakini chini, tuseme 14, shuku hewa inayovuja au taiming iliyochelewa. Ikishtuka mara kwa mara kwa mpigo ule ule, shuku vali. Ikiyumba pole pole huku na huku, shuku mchanganyiko.

Tia gia huru, vuta breki ya mkono, weka jiwe kwenye tairi. Ukivaa kanzu au shati lenye mikono mipana, kavue: feni haina huruma. Usiwashe injini ndani ya chumba kilichofungwa, kwa sababu moshi wa gari una gesi isiyo na harufu inayoua.

Hewa inayoiba

Injini ya kabureta hupima hewa yake kupitia kabureta. Hewa yoyote inayoingia pengine haikupimwa, na kwenye sailensa, ambapo injini inavuta hewa kidogo sana, wizi mdogo unaonekana mkubwa. Dalili yake ni sailensa inayopanda na kushuka yenyewe, au injini inayotulia ukivuta choki kidogo.

Fuata mipira yote ya vakuumu (ya mvuto wa hewa) mmoja mmoja. Joto la Mombasa huikausha mpaka ikapasuka pale inapovalia kwenye mdomo wa bomba, na ufa huo hauonekani mpaka uupinde kwa vidole. Mpira mnene unaokwenda kwenye busta ya breki ubane kwa koleo lenye kitambaa injini ikiwa inanguruma. Sailensa ikibadilika ghafla, busta au mpira wake unavuja, na hapo tatizo ni la breki pia, kwa hiyo usilale nalo.

Halafu gasketi ya chini ya kabureta na gasketi za manifoldi. Wengi hurusha petroli pale kusikiliza injini ikibadilika. Nakusihi usifanye hivyo: manifoldi ya moshi iko moto inchi chache tu hapo chini. Tumia maji ya sabuni kwenye chupa ya kupulizia, kidogo kidogo. Palipo na uvujaji, injini itayumba au povu litanyonywa. Njia nyingine ni kuchukua kipande cha mpira mrefu, ncha moja sikioni, ncha nyingine uitembeze kwenye maungio. Mluzi utausikia.

Mwisho shika mkono wa kipepeo cha kabureta uutikise juu na chini. Shafti ikicheza ndani ya tundu lake, hewa inapita hapo. Kabureta ya namna hiyo hata ikioshwa mara kumi haitatulia. Inahitaji kutiwa bushi kwa fundi wa mashine, au kubadilishwa.

Vali

Hapa nitapita haraka. Tapeti (vipande vinavyosukuma vali) zilizobana huacha vali wazi kidogo, mgandamizo unatoroka, na silinda hiyo inamisi, yaani inaruka kuwaka, kwenye sailensa lakini inaonekana nzima ukikanyaga mafuta. Injini za zamani za kichwa cha chuma, zilizotengenezwa kutegemea petroli yenye risasi, ziko hatarini zaidi, maana petroli hiyo iliondolewa kwetu kufikia mwaka 2006 na viti vya vali za moshi huzama taratibu. Vali ikizama, nafasi ya tapeti inapungua bila kelele yoyote. Fundi anayesikiliza kelele tu hataijua. Pima kwa fila geji. Kwa Toyota 4K yenye tapeti za kurekebishwa ni milimita 0.20 vali za kuingiza na 0.30 za moshi, injini ikiwa moto. Kwa injini nyingine soma kitabu chake au kibandiko kilicho chini ya boneti.

Moto

Ikiwa kuna mahali pa kutumia muda wako, ni hapa. Hewa yetu ina chumvi na unyevu, na vyote viwili ni maadui wa umeme.

Anza na waya wa ardhi, ule unaotoka betri kwenda bodi na injini. Ufungue, usugue kwa msasa mpaka uone chuma, ufunge, upake grisi. Ni kazi ya dakika kumi. Nimeshaona magari yaliyotibiwa na waya huo peke yake.

Toa plagi uzipange kwa mpangilio wa silinda zake. Rangi ya kahawia hafifu ni afya. Nyeusi kavu kama masizi ni petroli nyingi au cheche dhaifu. Nyeupe kama chokaa ni hewa nyingi au taiming iliyowahi sana. Plagi moja ikitofautiana na wenzake, tatizo liko kwenye silinda hiyo au waya wake, haliko kwenye kabureta, kwa sababu kabureta moja huzilisha zote.

Fungua kifuniko cha distribyuta (kifaa kinachogawia plagi umeme), ukifute ndani kwa kitambaa kikavu, halafu ukigeuze kwenye jua. Unatafuta mstari mwembamba mweusi, kama wa penseli, kati ya nguzo na nguzo. Huo ni njia ambayo umeme umejichimbia, na haufutiki. Kifuniko kibadilishwe. Msimu wa mvua za masika, gari linaloamka vibaya alfajiri halafu likapona jua likipanda, karibu kila mara ni kifuniko au nyaya. Usiku, zima taa zote, washa injini, tazama nyaya gizani. Vicheche vya buluu vinavyoruka juu yake vitakuonyesha waya uliokufa bila ya kununua kipimo.

Sasa pointi. Zifungue kwa kidole utazame nyuso zake. Zikiwa zimeungua nyeusi au moja ina kilima na nyingine shimo, weka mpya, na kondensa ubadilishe pamoja nayo. Zungusha injini mpaka kisigino cha pointi kikae juu ya kona ya kamu (sehemu ya shafti yenye kona), ndipo upime nafasi. Injini nyingi za silinda nne za Kijapani hutaka karibu na milimita 0.45. Fila geji ipite kwa kukwaruza kidogo tu, isisukume. Paka grisi kidogo sana kwenye kamu, kiasi cha punje ya mchele, kwa sababu kisigino kikikosa grisi hulika, nafasi hupungua, na cheche huchelewa. Kila ukibadilisha nafasi ya pointi umebadilisha taiming pia. Ndiyo maana pointi hutangulia taiming, kamwe isiwe kinyume chake.

Kabla ya kufunga, shika shafti ya distribyuta uitikise pembeni. Nilipokuwa najifunza kazi Majengo tuliletewa Peugeot 504 pikapu iliyokuwa ikibeba madafu kutoka Kilifi. Kabureta tuliifungua mara mbili. Pointi mpya, plagi mpya, na bado ilitetemeka kama mtu mwenye homa. Bosi wangu alikuwa mzee wa maneno machache. Alikuja, akatoa rota (kile kidole kinachozunguka juu ya shafti), akaishika shafti kwa vidole viwili, akaisukuma. Ikacheza. "Mwanangu," akaniambia, "kabureta haina mdomo wa kujitetea, ndiyo maana kila mtu huishitaki." Bushi zilikuwa zimekwisha. Shafti ikicheza, pointi hufunguka mapema kwa silinda moja na kuchelewa kwa nyingine, na hakuna taiming unayoweza kuiweka ikakaa. Tangu siku hiyo sipimi taiming kabla ya kuitikisa shafti.

Koili, inayozalisha umeme mkali wa cheche, nayo hufa kwa joto. Gari linalokwenda vizuri nusu saa, likazima, likapumzika dakika ishirini, likawaka, ni la kushuku koili. Ipime ikiwa moto. Upande wa nyaya ndogo, koili ya kawaida ya volti 12 husoma karibu na omu 3, na ile inayotumia kizuizi cha nje husoma karibu na 1.5. Ukifunga ya pili mahali pa ya kwanza bila kizuizi chake, itaungua na pointi pia.

Kuweka taiming bila kuwasha injini

Njia hii ya balbu ndiyo ninayoipenda, kwa sababu yeyote anaweza kuifanya nyumbani na haihitaji kifaa cha bei. Toa plagi zote ili injini iwe nyepesi. Waya wa katikati wa koili uufunge kwenye bodi, usiuache ukining'inia ukitoa cheche karibu na mvuke wa petroli. Tia spana kwenye bolti ya puli ya kranki, uzungushe upande ambao injini huzunguka kila siku, si kinyume, maana cheni ina ulegevu na ukirudi nyuma utapima ulegevu huo.

Ziba tundu la plagi namba 1 kwa kidole gumba. Ukisikia hewa inakisukuma kidole, pistoni inapanda na vali zimefungwa. Endelea pole pole mpaka alama ya puli ikae mkabala na nyuzi (digrii) zilizoandikwa kwa injini yako. Injini nyingi za aina hii ziko kati ya nyuzi 5 na 10 kabla ya pistoni kufika juu. Rota sasa inapaswa kuelekea waya wa silinda namba 1. Ikielekea silinda ya 4, uko kwenye mzunguko usio wenyewe. Zungusha kranki duru moja zaidi.

Waya mmoja wa balbu ushike kwenye nguzo ya koili inayokwenda kwenye pointi, mwingine kwenye chuma cha injini. Fungua ufunguo, usiwashe. Pointi zikiwa zimefungana balbu haiwaki, kwa kuwa umeme una njia rahisi zaidi. Zikifunguka tu, balbu inawaka. Legeza nati ya distribyuta, uigeuze mwili wake upande inakozunguka rota mpaka balbu izime, halafu irudishe kinyume pole pole. Papo hapo balbu inapowaka, simama, kaza. Cheche yako iko mahali pake. Funga ufunguo haraka, kwa sababu koili hupata moto ikiachwa hivyo.

Kanuni ya kukumbuka ni kwamba kugeuza distribyuta kinyume na mzunguko wa rota huwahisha cheche, na kuifuata rota huichelewesha. Mpangilio wa kuwaka wa injini nyingi za silinda nne, kuanzia 4K mpaka Peugeot 504, ni 1-3-4-2. Wapo waliobadilisha nyaya mbili wakati wa kuosha injini, wakahangaika siku nzima na taiming ambayo haikuwa na kosa.

Kwa taa ya taiming

Balbu hukupa mwanzo mzuri, taa hukupa uhakika. Injini iwe imepata moto. Mpira wa vakuumu unaokwenda distribyuta uchomoe, uuzibe. Sailensa iwe chini, mizunguko 700 hadi 800 kwa dakika. Hapa ndipo wengi hupotea. Ndani ya distribyuta mna vijiwe viwili vya chuma vyenye springi, na injini ikiongeza kasi hutanuka na kuwahisha cheche. Ukipima sailensa ikiwa 1,200, vijiwe vimeshaanza kazi, unaona alama iko sawa, kumbe kwenye sailensa ya kweli cheche imechelewa. Kama injini haishiki sailensa ya chini, rudi kwenye balbu kwanza.

Paka chaki kwenye alama. Elekeza taa. Alama iliyotulia ni habari njema. Alama inayoruka huku na huku ni shafti au pointi. Sasa kanyaga mafuta taratibu, alama inapaswa kusogea mapema kwa ulaini na kurudi ukiachia. Isiposogea, vijiwe vimeshikwa na kutu. Ikisogea isirudi, springi zimelegea au zimekatika, na hilo ndilo gari ambalo sailensa yake hubaki juu kwa sekunde kadhaa kila unaposimama. Kisha nyonya kwa mdomo ule mpira wa vakuumu unaokwenda distribyuta, uzibe kwa ulimi. Sahani ya pointi inapaswa kusogea na kubaki. Ikirudi yenyewe, kiwambo cha ndani kimetoboka.

Kuna puli zenye pete ya raba katikati, na raba hiyo ikizeeka ukingo wa nje huteleza na alama husema uongo. Ukiona taiming inayosoma sawa huku injini ikigonga au ikikosa nguvu, hakikisha kwanza kwamba alama ya juu inaonekana pistoni inapokuwa juu kweli.

Gari lililotoka bara

Sasa nirudi kwenye lile swali la gari lilikuwa wapi. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko yetu kwa kama sehemu moja kwa sita. Kabureta iliyorekebishwa huko hubanwa petroli ili ilingane na hewa hiyo. Likishuka Mombasa, gari linakutana na hewa nzito na petroli inakuwa haba. Sailensa inawindawinda, na ukiachia mafuta kwenye mteremko linapiga pafupafu kwenye bomba la moshi. Taiming nayo, bara huweza kuwahishwa kidogo bila madhara kwa kuwa mgandamizo uko chini. Huku chini nyuzi zile zile zinaweza kuleta kugonga.

Kugonga huko kusikilize vizuri. Ni sauti ya kokoto ndani ya kopo, inayokuja ukikanyaga mafuta kwa nguvu gia ikiwa kubwa. Si kelele ya kuzoea. Inatoboa pistoni. Ukiisikia, chelewesha cheche kwa nyuzi 2, jaribu tena. Ukifika nyuzi 4 au 5 nyuma ya kipimo cha kiwanda na bado inagonga, acha taiming, tafuta masizi ndani ya silinda, joto la injini, au petroli iliyochanganywa mafuta ya taa. Na taiming iliyochelewa sana nayo si usalama: injini inachemka kwenye foleni, nguvu zinakwisha, na bomba la moshi linaiva.

Sasa ndiyo kabureta

Ukifika hapa na bado sailensa ni mbaya, kabureta ina kesi ya kujibu. Kuna kipimo kimoja kizuri. Injini ikinguruma, kaza skrubu ya mchanganyiko taratibu mpaka mwisho. Injini inapaswa kudhoofika na kutaka kuzima. Isipobadilika kabisa, petroli inatoka pengine: kipepeo kiko wazi mno, bakuli limejaa kupita kiasi, au choki haifunguki yote. Injini inayokwenda tu ukiwa na mguu kwenye mafuta, halafu ikafa ukiachia, jeti ya sailensa imeziba. Kabla ya kuitoa, sikiliza solenoidi (vali ya umeme) iliyo ubavuni mwa kabureta, kama ipo. Fungua na kufunga ufunguo, inapaswa kusema "tak". Isiposema, pima waya wake. Kabureta nyingi zimefunguliwa bure kwa sababu ya waya mmoja uliochomoka.

Jeti isafishwe kwa petroli na upepo wa kompresa. Usiingize waya wala sindano, tundu lake ni la kipimo na ukilikwaruza umelipanua. Ndani ya bakuli ukikuta unga mweupe, maji yameingia kwenye petroli na alumini imeliwa. Safisha tangi na badilisha chujio pia, la sivyo utarudi kazini mwezi huohuo. Boya litikise karibu na sikio. Likiwa na petroli ndani, halielei, na bakuli litafurika.

Marekebisho yenyewe hufanywa injini ikiwa moto, chujio cha hewa kikiwa mahali pake, taa na feni ya ndani zikiwa zimezimwa. Skrubu ya mchanganyiko ikaze kwa wepesi mpaka iguse, usiibane ukaharibu ncha, halafu ilegeze duru mbili. Weka mwendo karibu na 750. Geuza skrubu ya mchanganyiko robo duru kwa robo, subiri sekunde chache kila mara, utafute mahali injini inapokwenda kasi na laini zaidi. Mwendo ukipanda, ushushe kwa skrubu ya mwendo, urudi kwenye mchanganyiko. Rudia mpaka isiwe na cha kupanda. Mwisho kaza mchanganyiko kiasi mwendo upungue kama mizunguko 50. Hapo ndipo penye petroli ya kutosha bila ya ziada.

Joto la foleni

Lipo gari ambalo limepita yote haya salama na bado linazima Likoni mwezi wa Februari. Hili lina ugonjwa wa joto. Injini ikisimama muda mrefu bila upepo, petroli huchemka ndani ya bakuli au kwenye bomba. Tazama kama bomba la petroli linagusa injini, lisogeze. Tazama kama kile kipande kinene cheusi kati ya kabureta na manifoldi kipo, maana mafundi wengine hukitoa wakaweka gasketi nyembamba mahali pake, na joto lote linapanda juu. Hakikisha feni na rejeta ziko sawa. Ukizima kwenye feri na gari likagoma upande wa pili, usipige mafuta mara nyingi. Kanyaga hadi nusu, shikilia, washa. Mvuke utapita.

Kwa wenye bodaboda na tuktuk za petroli, sehemu ya hewa, ya vali na ya kabureta inawahusu vilevile. Taiming kwa nyingi kati yake imefungwa ndani ya kifaa cha elektroniki na haigeuzwi, msipoteze muda kuitafuta.

Kujaribu

Ukimaliza, liendeshe. Mimi hupitia Makupa na Kibarani hadi Changamwe, nikaendelea Miritini na kupanda Mazeras kwa gia ya tatu, dirisha wazi, nikisikiliza kokoto. Narudi, nasimama foleni dakika kumi bila kuzima, taa zikiwaka, nikitazama sailensa na kipimo cha joto. Likivuka hapo, nafungua boneti na kuandika kwa rangi ndani yake: tarehe, nafasi ya pointi, nyuzi za taiming, mizunguko ya sailensa na duru za skrubu ya mchanganyiko.